Malori Yakishaondoka: Mwongozo kwa Chuo Kikuu Kinachotaka Kuvisaidia Vijiji vya Nyanda za Juu Kusini Baada ya Maafa

Katika Nyanda za Juu Kusini mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika ukanda wa Ziwa Nyasa huendelea hadi Mei. Maafa mengi ya asili ya eneo hili hufuata kalenda hiyo. Mito ya Kyela, yaani Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, hufurika mvua za masika zinapokolea. Mashamba ya mpunga ya Pawaga hufunikwa maji Ruaha Mdogo unapojaa. Na Aprili 2024, jijini Mbeya kwenyewe, tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere na kufunika nyumba na majengo ya shule katika Kata ya Itezi. Matetemeko hayana msimu, lakini nayo yapo, kwa kuwa Bonde la Ufa linapita hapa, na lile la Rukwa la Desemba 1910 linahesabiwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kurekodiwa Afrika Mashariki.

Sasa linganisha kalenda hiyo na ya chuo kikuu. Maafa hutokea Machi au Aprili, wakati wa masomo. Malori ya unga na mablanketi hufika katika wiki za mwanzo, pamoja na viongozi na kamera. Ifikapo Julai malori yamekwisha kuondoka, barabara zimekauka, kazi ya kujenga upya inawezekana, na huo ndio wakati ambao wanafunzi wetu hutoka kwenda mafunzo kwa vitendo. Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya ushauri mmoja: chuo kisishindane na malori, kiingie kwa nguvu zake zote malori yanapoondoka, na kikae kijijini mpaka mavuno ya pili yaingie ghalani.

Hatua ya kwanza: chuo kijipime kabla hakijakipima kijiji

Chuo kinachosubiri maafa yatokee ndipo kitafute cha kufanya huishia kukusanya nguo kuukuu. Uongozi uteue ofisi moja yenye mamlaka ya kutoa gari na fedha za mafuta bila kusubiri kikao, kisha kila idara iandike, kwa ukurasa mmoja tu, kile inachoweza kukitoa ndani ya wiki mbili na kile inachoweza kukitoa ndani ya mwaka. Ukurasa huo uwe na majina ya vifaa vilivyopo na vinavyofanya kazi. Kipima ardhi kilichoharibika tangu mwaka juzi kisiandikwe.

Vyuo vya ukanda huu havifanani, na hiyo ni faida. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina uhandisi na usanifu majengo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya afya jijini Mbeya na chuo kishiriki cha elimu cha Mkwawa mjini Iringa. Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa vinafundisha sheria. Hakuna chenye kila kitu, na kwa upande wa kilimo hakuna atakayefika mbali bila kituo cha Uyole cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Makubaliano ya kuazimana wataalamu yaandikwe wakati wa kiangazi, watu wakiwa na utulivu.

Hatua ya pili: ingia kwa mlango wa kamati ya maafa

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Chuo hakina mamlaka sambamba na kamati hizo, nacho kisijifanye kinayo. Barua iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji, kisha msafara ujitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kuzungumza na mwananchi yeyote. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa urasimu wa kuchelewesha kazi. Kwa maoni yangu ndio unaomlinda mwanafunzi asidhaniwe kuwa tapeli, na ndio unaomlinda mwanakijiji dhidi ya matapeli wa kweli, ambao baada ya maafa hawakosekani.

Katika siku za mwanzo chuo kisiwapeleke wanafunzi kwenye uokoaji. Kazi hiyo ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ya vyombo vya ulinzi na ya Msalaba Mwekundu, na mtu asiyefunzwa akisimama juu ya tope linaloendelea kutembea anaongeza idadi ya watu wa kuokolewa. Kitu cha kutoa wakati huo ni gari, ukumbi, daktari na mhandisi anayeweza kusema jengo lipi lisiingiwe. Michango yote ipitie akaunti rasmi kwa kumbukumbu namba, kamwe isipitie simu ya mhadhiri hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Na mtu yeyote anayevaa kitambulisho cha chuo asipige picha ya mfiwa.

Hatua ya tatu: hesabu mara moja, na hesabu vizuri

Hapa ndipo vyuo huvuruga zaidi, kwa kuwa kila idara huja na dodoso lake. Mama aliyepoteza nyumba huulizwa idadi ya watoto wake na watu wa lishe, kisha na watu wa uchumi, kisha na mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeandika tasnifu, na kila anayeuliza huondoka na majibu. Chuo kiwe na dodoso moja. Kabla ya kuliandika, kiombe Halmashauri tathmini yake yenyewe na kisirudie swali ambalo limekwisha kujibiwa humo. Utafiti wa kitaaluma unaohitaji kibali ufuate baadaye na usifungwe pamoja na orodha ya misaada, maana mwananchi anayedhani kwamba atanyimwa bati akikataa kuhojiwa hajaridhia chochote.

Wahojaji wachaguliwe kwanza kwa lugha. Kiswahili kinatosha kwa vijana na kwa wengi wa makamo, lakini bibi wa Ileje hueleza msiba wake kwa Kindali, wa Rungwe kwa Kinyakyusa, wa Kilolo kwa Kihehe, na anachokisema kwa lugha hiyo ni kirefu kuliko kile atakachokisema kwa Kiswahili cha kumridhisha mgeni. Vyuo vyetu vimejaa wanafunzi waliozaliwa katika vijiji hivi. Wapewe nafasi hiyo kabla ya wenye alama za juu. Na ingawa lisingepaswa kuandikwa katika mwongozo, niliandike: mhojaji amwamkie mkubwa shikamoo, asubiri marahaba, aulize habari za msiba, ndipo afungue simu yake. Programu za kukusanya takwimu kama KoboToolbox hufanya kazi bila mtandao, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwacha mzee amekaa juani huku kijana akitafuta mnara.

Maswali yenyewe yasiishie kwenye nyumba na mifugo. Madeni ni jambo linalosahaulika karibu kila mara. Mkulima aliyechukua mbolea kwa mkopo kupitia AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, au aliyekopa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, kwa dhamana ya mavuno ambayo sasa yako chini ya mchanga, atauza ng'ombe aliyebaki au kipande cha shamba ili alipe, na umaskini utakaofuata hautaonekana katika tathmini ya maafa kwa sababu haukusababishwa na maji moja kwa moja. Chuo kikiwa na orodha ya madeni hayo, kinaweza kukaa na viongozi wa ushirika na wa vikundi wakakubaliana kusogeza marejesho hadi msimu unaofuata. Barua moja ya aina hiyo ina uzito kuliko mifuko mingi ya unga.

Waangaliwe pia wasioonekana kwenye daftari la kijiji: wakulima wa kukodi ambao shamba si lao lakini mbegu iliyosombwa ilikuwa yao, vibarua wa mashamba ya chai, wajane wanaoishi kwa wakwe, na wazee wanaolea wajukuu.

Orodha ya hasara za nyumba na mashamba isomwe hadharani katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa sababu majirani ndio wanaojua nani alikuwa na nini. Taarifa za afya zisisomwe popote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakihusu chuo sawasawa na inavyozihusu kampuni za simu.

Hatua ya nne: maji, vyoo na dawa

Miradi mingi ya maji ya vijiji vya milimani ni ya mserereko, yaani maji hushuka yenyewe bila pampu, na tope likifunika chanzo au likikata bomba mteremkoni, vitongoji kadhaa hukauka kwa pamoja. Wanafunzi wa uhandisi, wakifuatana na RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chombo cha watumia maji cha kijiji, walitembee bomba lote kutoka chanzo hadi kituo cha mwisho na kuandika kila mahali palipoharibika. Kambini, viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Visima vya mabondeni, hasa Kyela ambako maji ya chini yako karibu na uso wa ardhi na vyoo hufurika pamoja na mito, vichukuliwe kuwa vimechafuka mpaka maabara iseme vinginevyo, kwa kuwa kipindupindu hakisubiri majibu ya vipimo.

Jambo moja la ukanda huu lisipitwe. Njombe ndio mkoa wenye kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya VVU nchini, nao Iringa na Mbeya haviko mbali nao. Nyumba inaposombwa, kadi ya kliniki na dawa za kufubaza virusi husombwa pia, na mtu aliyehifadhiwa darasani pamoja na majirani zake hatanyoosha mkono kuziomba. Wataalamu wa afya wa chuo wapange na zahanati iliyo karibu mahali pa faragha pa kuzitolea upya, bila foleni yenye jina.

Hatua ya tano: rudisha shamba kabla ya Novemba

Kaya ya kijijini huhesabiwa kuwa imeinuka pale inapokula ilichokilima. Kati ya Aprili na mvua za Novemba kuna miezi saba, na miezi hiyo ina kazi.

Anza na ghala. Mahindi yaliyozama katika maji ya mafuriko hayaliwi. Yale yaliyolowa kwa mvua tu yakaushwe haraka, kwa sababu unyevu huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Wanafunzi wafundishe kipimo cha chupa: chukua chupa kavu ya kioo, weka punje na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha zitulie, kisha angalia kama chumvi imeng'ang'ania ukutani mwa chupa. Ikiwa imeng'ang'ania, mahindi bado hayafai kufungwa gunia. Kifaa cha maabara kinapima vizuri zaidi, lakini kitarudi chuoni na gari, ilhali chupa itabaki.

Kisha udongo. Tope jembamba la mto linaweza kulimwa pamoja na udongo wa zamani na mara nyingine hulirutubisha shamba. Mchanga mzito huliua kwa muda. Wachimbe mashimo madogo katika kila shamba, wapime unene wa kilichoongezeka, wachukue sampuli za maabara, na majibu yarudi kwa mkulima kwa maneno ya kawaida: panda nini hapa, weka samadi kiasi gani, au achana na kipande hiki msimu huu. Majibu yanayotoka Januari hayamsaidii mtu aliyepanda Novemba.

Iringa na Njombe wana akiba ambayo wageni huwa hawaioni, nayo ni vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Maharage yaliyopandwa kinyunguni Juni huliwa kabla ya mvua mpya, muda mrefu kabla ya mahindi ya milimani ambayo huchukua miezi mitano au zaidi. Kuna ugumu wa kisheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa, na vinyungu vingi vimo humo. Sioni kama ni kazi ya chuo kufumba macho, wala kuwa askari wa mazingira kwa watu walio na njaa. Kazi yake ni kupima mita hizo kwa kamba pamoja na kamati ya mazingira ya kijiji, kuonyesha vinyungu vipi viko nje ya mpaka, na kusaidia wenye mashamba ya ndani kugawiwa sehemu nyingine kabla msimu haujapita.

Mbegu zinunuliwe karibu. Aina za maharage na mahindi zilizotolewa Uyole zilichaguliwa kwa baridi na mwinuko wa huku, na vikundi vya wakulima vinavyozalisha mbegu za kuazimiwa ubora chini ya uangalizi wa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, vipo kwa ajili hiyo. Mbegu ya msaada iliyotoka ukanda wa pwani ikifika Makete itaota, itapendeza, na itashindwa.

Hatua ya sita: jenga kwa mafundi wa palepale

Chuo kisijenge nyumba za mfano. Zitazinduliwa, zitapigwa picha, na hakuna atakayeziiga kwa sababu gharama yake haimfikii mtu wa kawaida. Chuo kiwakusanye mafundi wa kata, wale ambao watajenga nyumba zote mpya hata kama hakuna mhandisi atakayefika, na kifanye nao kazi kwenye jengo moja la umma, kwa mfano darasa au nyumba ya mwalimu, hatua kwa hatua hadi paa.

Mambo ya kukazia ni machache. Msingi wa mawe uinuke juu ya alama ya maji ya mafuriko yaliyopita, na alama hiyo isomwe ukutani kwa majirani, si kwa kukisia. Pembe za kuta zifungamane, na lenta izunguke nyumba nzima badala ya kukaa juu ya milango na madirisha pekee, kwa kuwa mkanda huo ndio unaozishika kuta ardhi inapotikisika. Kenchi zifungwe kwenye lenta kwa waya au chuma bapa ili upepo usiondoke na paa. Tofali za kuchoma zinapendwa sana huku, lakini tanuru hula miti, na miti yenyewe hukatwa kwenye mteremko uleule uliokwisha kuporomoka. Tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa mashine ya mkono na saruji kidogo, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi, zinafaa zaidi, mradi wanafunzi waupime udongo wa kila kijiji kwanza. Udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe haufanani na udongo mwekundu wa Mufindi, na kipimo cha saruji kilichofaa kwa mmoja kinaweza kushindwa kwa mwingine.

Hatua ya saba: karatasi zilizopotea na mipaka iliyofutika

Wanafunzi wa sheria hupewa nafasi ya mwisho katika misafara ya namna hii, kama vile migogoro huja baadaye. Huja mapema. Mto ukihama, mpaka wa shamba unahama nao. Baba akifariki, ndugu zake hufika kabla ya arobaini. Meza ya msaada wa kisheria iwekwe ofisi ya kijiji siku za gulio, ishughulikie vyeti vya kuzaliwa na vya kifo vya RITA, vitambulisho vya NIDA, na mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Hatimiliki ya kimila iliyosombwa haimaanishi haki imesombwa, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka kumbukumbu ziwepo pia katika masjala. Wajane waelezwe hivyo wakiwa peke yao, kisha waelezwe tena mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji.

Katika meza hiyohiyo akae mtu wa ustawi wa jamii. Wanaume wengi hawataenda mahali palipoandikwa ushauri nasaha, ila watakuja kuulizia hati, na wakishakaa watazungumza.

Hatua ya nane: mteremko uwe na macho

Mlima husema kabla ya kuanguka. Nyufa hutokea juu ya mteremko, miti na nguzo huinama, chemchemi mpya hububujika mahali pakavu, milango hukataa kufunga, na kijito hupungua ghafla au hugeuka tope huku mvua ikiendelea. Kila kitongoji cha mteremkoni kiwe na watu wawili wanaozifahamu dalili hizi na wenye ruhusa ya kupiga kengele ya kanisa au ya shule usiku bila kumwomba mtu. Shule za msingi zipewe vipimamvua, walimu na wanafunzi wasome kila asubuhi, na chuo kishirikiane na Mamlaka ya Hali ya Hewa kuzigeuza namba hizo kuwa onyo: mvua ya siku kadhaa mfululizo ikifika kiwango fulani, watu walale kwa jamaa zao.

Kupunguza hatari yenyewe ni kazi ya jembe na miaka. Makingamaji yachimbwe kwa kufuata kontua, yaani mstari wa mwinuko uleule, iliyopimwa kwa fremu ya A, ambayo fundi seremala yeyote huitengeneza kwa fito tatu na kamba yenye jiwe. Wamatengo wa Mbinga wamelima milima mikali kwa ngoro, mashimo yanayozuia maji na udongo visiteremke, kwa vizazi vingi, na safari ya wakulima kumi kutoka Rungwe kwenda kuyaona itafundisha zaidi ya semina ya siku tatu hotelini, kwa gharama isiyozidi posho za semina hiyo.

Hatua ya tisa: andika makubaliano yanayoishi kuliko watu

Mhadhiri aliyeanzisha kazi atakwenda masomoni, mkurugenzi atahamishwa, mwenyekiti atamaliza muda wake. Kwa hiyo chuo na Halmashauri visaini hati ya makubaliano ya angalau miaka mitatu inayotaja ofisi badala ya majina, inayosema nani anatoa gari na nani anatoa mafuta, na inayoingizwa kwenye bajeti ya pande zote mbili kabla ya Julai Mosi, mwaka wa fedha unapoanza. Kazi ya kijijini ihesabiwe katika upandishaji vyeo vya wahadhiri na katika alama za mafunzo kwa vitendo, maana mtu hatarudi mara ya tatu kijijini kwa jambo ambalo mwajiri wake halioni.

Taarifa ya kila mwaka iandikwe kwa Kiswahili, nakala moja iachwe kwa Mtendaji wa Kijiji na nyingine shuleni, na isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji baada ya mavuno. Wanavijiji waulizwe hapo kipi kiendelee na kipi kiachwe, na majibu yao yaingie katika muhtasari wa mkutano ili mpango wa mwaka unaofuata uanzie humo.